Vitabu vya Picha na Haki za Raia: Habari ya Mafunzo ya Watoto Wadogo katika Marekani

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi habari za haki za raia, nazo ni habari nzito zilizowashinda watu wazima wengi, zilivyowekwa mbele ya watoto wa Marekani ambao bado hawajajua kusoma. Chombo kilichotumiwa ni kitabu cha picha. Kwa jina hilo sikusudii kitabu cha maneno kilichopambwa kwa picha hapa na pale, kama vilivyo vitabu vingi vya darasani. Nakusudia kitabu chembamba cha kurasa thelathini au arobaini, ambamo picha hubeba nusu ya habari na pengine zaidi ya nusu; mtu mzima husoma maneno kwa sauti, na mtoto papo hapo husoma picha kwa macho. Wasomaji wawili husoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa njia yake, na aghalabu aliye mdogo ndiye aonaye mengi.

Huenda msomaji akauliza habari hii yahusu nini jarida la Kiswahili. Yahusu kwa njia mbili. Kwanza, Kiswahili chenyewe kiliingia ndani yake, kama nitakavyoonyesha, kikasomwa na watoto waliokuwa hawajapata kuuona mnazi. Pili, mtu ajaribuye kuzisimulia habari hizi kwa Kiswahili hugundua mapema kwamba lugha yetu yamtaka achague mahali ambapo yule aliyeandika kwa Kiingereza amepita kimya.

Tuanze na neno lenyewe. Raia ni neno tulilolipata katika Kiarabu, na asili yake huko ni kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili cha zamani raia ni yule atawaliwaye: sultani ana raia zake kama mchunga alivyo na kondoo zake. Baada ya uhuru neno likageuka likawa jina la mtu mwenye fungu lake katika nchi, mwenye kupiga kura na kushtaki na kushtakiwa. Kwa hiyo maneno "haki za raia", kwa sikio la mzee wa pwani, yakaribia kugombana yenyewe kwa yenyewe, kwani ni haki gani za kudai alizo nazo achungwaye? Mimi sioni kuwa hiyo ni kasoro. Watu weusi wa Marekani waliandikwa kuwa raia, kwa maana mpya, katika Badiliko la Kumi na Nne la Katiba mwaka 1868. Kisha kwa muda wa karibu miaka 100 wakatendewa kama raia kwa maana ya kale. Sijui lugha nyingine iwezayo kuisema habari yote hiyo kwa neno moja.

Mtu aliyelitazama mapema jambo la watoto kwa makini ni W. E. B. Du Bois. Yeye alikuwa mhariri wa The Crisis, gazeti la chama kile kijulikanacho kwa herufi zake NAACP, na kila mwaka, mwezi wa Oktoba, alitoa toleo la watoto. Katika toleo la Oktoba 1919 aliandika jambo lililokuwa likimsumbua. Gazeti lake lilikuwa na wajibu wa kutangaza mauaji ya watu weusi waliouawa na makundi ya watu bila hukumu, na mwaka ule mauaji yalikuwa mengi kupita kiasi. Hata matoleo ya watoto hayakusalimika na habari hizo. Tena alikuwa amepata barua ya msichana wa miaka kumi na miwili, aliyesema kwamba anamchukia mtu mweupe kama yeye anavyomchukia. Du Bois hakumkemea mtoto yule. Alijua sababu zake. Lakini alijiuliza kinachobaki katika moyo wa mtoto ikiwa kila alisomalo juu ya watu wake ni kuuawa, na kila ajifunzalo ni chuki. Kumficha mtoto ukweli hakuwezekani, maana ungemkuta njiani. Kumwambia ukweli huo na kumwacha nao peke yake ni kumdhuru. Shida hii ndiyo mzizi wa mambo yote nitakayoyaeleza, wala sioni kama imekwisha kutatuliwa.

Jibu la Du Bois lilikuwa gazeti la mwezi kwa mwezi, The Brownies' Book, lililoanza Januari 1920, bei yake senti 15. Aliyelitunza hasa ni Jessie Redmon Fauset, na mambo ya fedha yalikuwa mikononi mwa Augustus Granville Dill. Ndani yake mlikuwa na hadithi, michezo, habari za dunia, maisha ya watu weusi mashuhuri, ngano za Afrika, na picha nyingi za watoto weusi wa kawaida: mtoto na mbwa wake, watoto waliomaliza shule, mtoto mchanga aliyevalishwa vizuri. Sisi leo twaweza kuzipita picha hizo haraka. Mtoto wa wakati ule hakuweza, kwa sababu katika magazeti mengine mfano wa uso wake ulikuwa ni wa kuchekwa. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa pamoja na kumfanya mtoto aone kuwa kuwa na rangi ni jambo la kawaida na zuri, na kuyageuza machungu yake yawe hamu ya kutenda. Kijana Langston Hughes alipigwa chapa humo mwaka 1921, kabla jina lake halijajulikana. Gazeti lilitoa matoleo 24, likafa Desemba 1921 kwa uchache wa wanunuzi. Uhai wake ulikuwa mfupi, lakini kila swali lililoulizwa baadaye lilikuwa limekwisha ulizwa humo.

Picha zilizokuwa zikichekwa zilitoka wapi? Mfano utajwao mara nyingi ni The Story of Little Black Sambo, kilichotungwa na Helen Bannerman na kutolewa London mwaka 1899. Mama huyu Mskoti alikuwa akikaa India, na simbamarara waliomo ni wa India. Lakini kitabu kilipofika Marekani, kikachorwa upya mara nyingi, mtoto yule akawa mfano wa kuwadhihaki watoto weusi wa huko. Hadithi yenyewe, tukiiondolea jina na picha, ni hadithi ya mtoto mwerevu awashindaye wanyama wakali, ambayo bibi yeyote wa kwetu angeisimulia kwa furaha. Ubaya ulikuwa katika mistari ya kalamu. Yafaa kulikumbuka hili, maana wako wadhanio kwamba picha katika kitabu cha mtoto ni pambo tu.

Kenneth na Mamie Clark walilipima jambo hilo kwa vitendo. Waliwaonyesha watoto weusi 253, wa miaka mitatu mpaka saba, wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu ila rangi, wakawaomba wachague yupi ni mzuri, yupi mbaya, na yupi anafanana nao. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Uchunguzi huo ulitolewa mwaka 1947, na kazi ya akina Clark ikatajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954, iliyosema kwamba kuzitenga shule kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Kwa maneno mengine, jambo ambalo mtoto wa miaka minne hulijua bila kufundishwa lilikuja kuwa ushahidi mbele ya majaji tisa.

Miaka mitano baada ya hukumu hiyo kukatokea kisa cha sungura, nami siwezi kukipita. Mwaka 1958 Garth Williams, mchoraji hodari, alitoa kitabu kiitwacho The Rabbits' Wedding. Sungura mweusi na sungura mweupe wanacheza mwituni, wanapendana, wanaoana, na wanyama wengine wanacheza ngoma chini ya mwezi. Hakuna zaidi. Mwaka 1959 watu wa jimbo la Alabama waliotetea utengano walikishambulia kitabu hicho, na mjumbe mmoja wa baraza la juu la jimbo, E. O. Eddins, akataka kiondolewe katika maktaba. Mkuu wa maktaba za jimbo, Bi Emily Wheelock Reed, hakukubali kukiharibu. Alikiweka katika rafu ya akiba, ambako kiliweza kupatikana na maktaba zilizokiomba. Mchoraji mwenyewe alisema hakuwa na nia yoyote ila uzuri wa nyeusi kando ya nyeupe. Bi Reed aliondoka Alabama mwaka uliofuata. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, maana sungura wetu amewahi kushtakiwa kwa wizi, ulaghai na kumdhalilisha fisi, lakini hajapata kushtakiwa kwa rangi ya manyoya yake. Hata hivyo, wale waliokishtaki kitabu walielewa kitu kimoja kuliko watetezi wengi wa vitabu: waliamini kwa dhati kwamba mtoto hujifunza sheria za nchi kutokana na picha ya sungura wawili.

Mwaka 1962 Ezra Jack Keats alitoa The Snowy Day. Keats alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, wazazi wake Mayahudi waliotoka Poland. Kwa miaka mingi alikuwa ametunza picha alizozikata katika gazeti la Life la mwaka 1940, za mtoto mdogo mweusi wa Georgia aliyekuwa karibu kupimwa damu; uso wa mtoto huyo ulimkaa moyoni, na ndio uliokuwa uso wa Peter. Peter aamka, aona theluji, avaa vazi jekundu, atoka kucheza. Kitabu hakitaji rangi yake hata mara moja. Mwaka 1963 kilipata Nishani ya Caldecott, iliyo kubwa kuliko zote kwa vitabu vya picha katika Marekani, na mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kuwa ndicho kitabu kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake, zaidi ya mara 485,000.

Je, hiki ni kitabu cha haki za raia? Ndani yake hakuna maandamano wala mahakama. Jibu langu ni kwamba ndiyo, na sababu yake inapatikana katika hesabu aliyoifanya Bi Nancy Larrick. Makala yake yalitoka katika Saturday Review tarehe 11 Septemba 1965, na kichwa chake kilisema kwamba ulimwengu wa vitabu vya watoto ni mweupe mtupu. Alihesabu vitabu 5,206 vilivyotolewa na wapiga chapa 63 katika miaka ya 1962 hadi 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa 349 tu, yaani 6.7 kwa mia. Na vilivyoonyesha maisha ya watu weusi wa Marekani wa siku zile havikufika hata kimoja kwa mia. Hapo ndipo ionekanapo maana ya Peter. Haki ya kucheza katika theluji bila kuelezwa sababu ya kuwapo pale ilikuwa bado haijatolewa na wapiga chapa, ijapokuwa haikuandikwa katika sheria yoyote.

Larrick hakukisifu kitabu hicho bila masharti. Hakupenda kwamba neno la kuwataja watu weusi halimo, na alimwona mama yake Peter, mnene katika gauni la manjano la mirabaraba, kuwa karibu mno na yule mtumishi wa jikoni wa michoro ya zamani. Keats alijibu kwa uchungu. Binafsi naona wote wawili walikuwa na haki. Mchoraji huazima mistari kutoka kwa waliomtangulia bila kujua, kama msemaji aazimavyo misemo. Lakini kutaka kila mtoto mweusi aliyechorwa atajwe kwa rangi yake ni kumnyima kile hasa ambacho Peter amekipata.

Baada ya makala hayo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1965 lilianzishwa baraza la vitabu vya watoto wa rangi mbalimbali, likaweka mashindano kwa watungaji wasiopata kupigwa chapa. Humo ndimo alimotokea Walter Dean Myers. John Steptoe, kijana ambaye hata miaka ishirini alikuwa hajaitimiza, alitoa Stevie mwaka 1969, nacho kimeandikwa kwa usemi wa watoto weusi wa mjini, bila kusahihishwa ili kufuata Kiingereza cha shule. Kwa mwanaisimu hili si dogo. Mpaka hapo haki iliyodaiwa ilikuwa ya kuonekana; Steptoe alidai ya kusikika.

Sasa nafika mahali ambapo Kiswahili chaingia. Muriel Gray wa Philadelphia alikwenda Uganda kufundisha sanaa katika Kampala katika miaka ya sitini. Huko alijifunza Kiswahili kiasi, akaona watoto wakijifunza kwa picha zilizotoka Ulaya. Aliporudi aliolewa na mchoraji Tom Feelings, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye naye alikuwa ametoka Ghana, alikofanya kazi katika serikali ya Nkrumah tangu 1964 hadi 1966. Pamoja wakatoa Moja Means One mwaka 1971, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili toka moja mpaka kumi, na Jambo Means Hello mwaka 1974, kitabu cha herufi. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, mwaka 1972 na mwaka 1975, na Tom Feelings akawa mchoraji mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata.

Nilivikuta vitabu hivi nilipokuwa nikisoma ng'ambo, katika chumba cha watoto cha maktaba ya mji mmoja wa kaskazini, ambako nilikuwa nimeingia kuikimbia baridi tu. Nakiri kwamba nilivisoma kwanza kwa jicho la mwalimu wa sarufi, nikaanza kutia alama moyoni. Moja ni mlima Kilimanjaro, vizuri. Mbili ni mchezo uitwao mankala, neno ambalo Mswahili halijui, maana yeye asema bao. Namba zimetajwa kwa umbo la kuhesabia peke yake, pasipo ngeli, hivi kwamba mtoto aliyekifuata kitabu angesema "watoto mbili" (kosa ambalo, tusijidanganye, halihitaji kuvuka bahari ili kusikika). Ama jina la kitabu cha pili, kila mtu wa kwetu ajua kwamba jambo ni jambo tu, na kwamba salamu ni "hujambo" na jibu lake "sijambo". "Jambo" tupu twamwachia mgeni.

Kisha nikavisoma mara ya pili, nikaona aibu kidogo. Herufi H katika kitabu kile ni heshima, na U ni uzuri. Michoro ya Feelings ni ya rangi ya kijivu na kahawia, laini kama ukungu wa asubuhi, na nyuso zake hazimwombi mtazamaji kitu. Mtoto wa Chicago au Philadelphia, ambaye miaka michache nyuma mfano wake katika vitabu ulikuwa Sambo, alipewa namba kumi na herufi 24 (kwani Q na X hazimo) katika lugha ya watu weusi iliyokuwa ya serikali na ya shule katika nchi huru. Wahenga wa watoto wale kwa sehemu kubwa walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wala si pwani yetu; kwa hiyo Kiswahili hakikuwa urithi wao kwa nasaba. Kilichaguliwa. Wakati huohuo Maulana Karenga alikuwa amekwisha kukichagua kwa sikukuu ya Kwanzaa, mwaka 1966, na wapiga chapa wa Drum and Spear wa Washington, waliotoka katika harakati za vijana wa kusini, walikuwa na ofisi yao Dar es Salaam na walitoa kitabu cha watoto kiitwacho Children of Africa mwaka 1970, picha zake zikichorwa na Jennifer Lawson. Wanahistoria wa lugha yetu wameandika mengi juu ya Kiswahili cha wamisionari, cha askari na cha kamati za usanifishaji. Kiswahili hiki cha watoto wa Marekani bado hakijapata sura yake katika vitabu vyetu, na kosa la mankala lisiwe udhuru.

Aina ya tatu ya vitabu, nayo ndiyo ijazayo rafu siku hizi, ni ile isimuliayo harakati zenyewe. Iliongezeka hasa tangu miaka ya 1990: The Story of Ruby Bridges cha Robert Coles, picha za George Ford, mwaka 1995; kitabu cha Faith Ringgold juu ya Rosa Parks, mwaka 1999, ambamo basi lenyewe ndilo lisimulialo; Martin's Big Words cha Doreen Rappaport na Bryan Collier, mwaka 2001; na vingine vingi. Kazi ya picha katika vitabu hivi ni nzuri sana. Maneno ndiyo yaliyonitia shaka, na shaka ilinijia kwa Kiswahili.

Tumchukue Rosa Parks. Kwa muda mrefu watoto waliambiwa kwamba tarehe 1 Desemba 1955, katika Montgomery, mshonaji mmoja alikataa kusimama ndani ya basi kwa sababu alikuwa amechoka. Herbert Kohl aliandika katika miaka ya 1990 kuukosoa usimulizi huo, kwa kuwa Bi Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, alikuwa amehudhuria mafunzo katika shule ya Highlander miezi michache kabla, na kususia mabasi kulikofuata, kwa siku 381, kulipangwa na watu wengi. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amefanya vilevile akakamatwa. Bi Parks mwenyewe aliandika baadaye kwamba uchovu wa mwili haukuwa sababu. Kilichomchosha ni kukubali kila siku. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana chatofautisha kuchoka na kuchoshwa. Aliyechoka atapumzika kisha atapoa. Aliyechoshwa ana mchoshaji, na msikilizaji ana haki ya kumwuliza ni nani.

Swali hilo nililiulizwa nyumbani. Jioni moja nilikuwa nikimsimulia binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, habari za Ruby Bridges, huku tukifunua kurasa. Nikasema, kwa mtindo wa vitabu hivyo, kwamba zamani zile watoto weusi hawakuruhusiwa kusoma pamoja na weupe. Akauliza, "Hawakuruhusiwa na nani, Baba?" Nikafunua ukurasa mwingine. Akaurudisha.

Kiingereza cha vitabu hivi chapenda sana kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: sheria zilikuwapo, shule zilitengwa, watu walikatazwa. Mtu aweza kusema kwamba Kiswahili nacho kina kauli hiyo, na ni kweli. Lakini mtoto wa Kiswahili huisubiri ile "na". Tena mzizi tenga watupa njia tatu. Tukisema shule zilitengana, twaonyesha kana kwamba zilipeana migongo zenyewe kwa kupenda kwao, kama wake wenza waliogombana. Tukisema zilitengwa, twakiri kuwa yupo aliyezitenga, ila twamsitiri. Tukisema walizitenga, hatuna budi kumtaja. Nimesikia mara nyingi hapa kwetu mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba shule za Tanganyika "zilitengana" kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika mpaka tarehe 1 Januari 1962 zilipounganishwa. Hazikutengana. Serikali ya kikoloni ilizitenga, na kila moja ikapewa fedha zake kwa kipimo chake.

Katika habari ya Ruby watenda wote wana majina, wala hawakujificha. Ruby alizaliwa Septemba 1954, miezi minne baada ya hukumu ya Mahakama Kuu. Jaji J. Skelly Wright aliamuru shule za New Orleans zianze kuunganishwa. Bunge la Louisiana, pamoja na Gavana Jimmie Davis, lilipitisha sheria baada ya sheria kuizuia amri hiyo, na jaji akazibatilisha. Tarehe 14 Novemba 1960 maofisa wa serikali kuu walimfikisha Ruby katika shule ya William Frantz, katikati ya watu waliopiga kelele. Siku hiyohiyo wasichana wengine watatu waliingia katika shule ya McDonogh 19, ijapokuwa vitabu vya picha, kwa kupenda shujaa mmoja, huwasahau. Wazazi weupe wakawaondoa watoto wao, na mwaka mzima Ruby akafundishwa peke yake na Bi Barbara Henry, mwalimu aliyetoka Boston.

Mwaka 2021 baadhi ya wazazi katika wilaya ya Williamson, jimbo la Tennessee, walilalamikia kitabu cha Ruby Bridges mwenyewe, kilichotoka mwaka 2009 kwa watoto waanzao kusoma. Moja ya malalamiko lilikuwa kwamba kitabu chataja kundi kubwa la watu weupe wenye hasira, na mwisho wake hakina faraja ya kutosha. Nimeyapima maneno hayo bila dhihaka, maana kuna ndani yake kivuli cha shida ya Du Bois: mtoto atafanya nini na habari hii? Lakini kilichochukiza ni nomino. Kundi lile lilitajwa. Kama kitabu kingesema tu kwamba kulikuwa na kelele, sidhani kama barua yoyote ingeandikwa.

Norman Rockwell aliichora siku hiyo kwa gazeti la Look, tarehe 14 Januari 1964. Maofisa wanne wakatwa na ukingo wa picha juu ya mabega, hawana vichwa. Umati hauonekani, twaona tunda lililopasuka ukutani na tusi lililoandikwa. Mtoto ndiye mtu pekee aliye kamili. Ni picha kubwa, na yamkini imefunza zaidi ya vitabu vyote nilivyovitaja. Lakini hata humo mrushaji wa tunda amesimama mahali aliposimama mtazamaji, yaani sisi, na mtoto apaswa kuambiwa hivyo na mtu mzima aliyeketi naye, maana picha haitamwambia.

Ninao mswada wa kuwasimulia watoto wetu habari hii kwa Kiswahili, haujawa tayari kupigwa chapa. Sentensi ya kwanza nimeiandika mara nne. Sasa yasomeka hivi: "Wakubwa wa Louisiana walisema mtoto mweusi asiingie katika shule hii, jaji akasema aingie, na Ruby, aliyekuwa na miaka sita, akapanda ngazi." Binti yangu asema ni ndefu mno, na ataka kujua majina ya wakubwa hao yatawekwa ukurasa gani.